Kurudi Nyumbani si Kupumzika



Mfanyi kazi wa reli akimaliza kazi yake, wenzake humchangia chai na soda, mkubwa wa idara husimama akasema maneno mazuri, na mwisho humwambia, "Sasa nenda nyumbani ukapumzike." Watu hupiga makofi. Neno hilo la kupumzika lataka kutazamwa vizuri, maana wengi walioliamini wameumia. Mtu atokaye Nairobi au Mombasa baada ya miaka 20 au 30 akaenda kukaa kijijini haendi kupumzika. Atoka kazi aijuayo, aingia kazi asiyoijua, tena wakati nguvu zimepungua na hakuna mshahara unaomngoja mwisho wa mwezi.

Sisi tuandikao haya tu kazini bado, na umri wetu haujafika miaka 40. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, ya kutosha kusoma barua na kuandika nyingine. Pengine mtatuuliza, "Ninyi vijana, mambo ya kustaafu yawahusu nini?" Jibu letu ni mawili. La kwanza, safari ya kurudi nyumbani haianzi siku ya chai, huanza miaka mingi kabla yake. La pili, si wazee peke yao warudio. Mwaka 2006, kazi ya reli ilipokodishwa kwa kampuni binafsi, maelfu ya wafanyi kazi waliachishwa kazi, na miongoni mwao walikuwamo watu wa umri kama wetu, wenye watoto wadogo shuleni. Ukodishaji ule ulikwisha mwaka 2017, na mwaka huo huo treni za reli mpya zikaanza kwenda kati ya Mombasa na Nairobi. Kazi za reli hubadilika namna hiyo. Hakuna aliye na hakika ya kungoja mpaka mvi ndipo afunge mizigo.

JAMBO HILI NI LA CHAMA

Wako wanaosema kwamba chama ni cha mshahara na saa za kazi, na kwamba mambo ya shamba ni ya mtu na nyumba yake. Hatukubali. Tazameni historia ya kazi hii. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na mwaka 1901 ikafika ziwani, pale tupaitapo leo Kisumu. Tangu siku hizo hata miaka ya 1950, Mwafrika aliyefanya kazi mjini kwa kawaida alilipwa mshahara wa mtu asiye na mke wala mtoto, akapewa nafasi ya kulala katika chumba cha watu wengi. Wakubwa walifanya hesabu yao hivi: chakula cha mke na watoto kitatoka shambani, na mtu huyu akiugua au akizeeka, shamba litamlisha. Kwa hiyo jembe la mwanamke kijijini lilisaidia kulipa gharama za kazi ya mjini, ingawa halikuandikwa katika daftari lo lote.

Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na F. W. Carpenter, Kamishna wa Kazi, ilitoa ripoti yake juu ya mishahara ya Waafrika. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanyi kazi wa mijini katika makampuni ya watu binafsi, na karibu robo ya wale wa kazi za umma, walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu mmoja. Ikasema kwamba mfanyi kazi astahili mshahara wa kumtosha yeye na jamaa yake, nyumba ya kukaa pamoja nao, na tegemeo la uzeeni. Baada ya Uhuru, mwaka 1965, ikapitishwa sheria ya hazina ya akiba ya uzeeni, ile tuiitayo NSSF. Zamani hazina hiyo ililipa fedha zote kwa mara moja. Sheria mpya ya mwaka 2013, ambayo makato yake yalianza kutozwa Februari 2023, yataka mwanachama apate malipo ya uzeeni ya kila mwezi.

Hayo yote ni mema, lakini ile hesabu ya zamani haikufa. Hata leo mtu akikosa kazi mjini, neno la kwanza aambiwalo ni, "Rudi nyumbani." Hakuna anayeuliza nyumbani kuna nini. Kijiji bado ndicho bima ya mwisho ya mfanyi kazi. Ikiwa ni hivyo, basi kurudi kijijini ni sehemu ya masharti ya kazi yetu, na chama kina haki ya kulizungumza jambo hili kama kinavyozungumza posho na zamu za usiku.

MAMBO YANAYOMKUTA MTU

Jambo la kwanza ni saa. Sisi tumeishi kwa saa na kwa zamu. Wazee waliotutangulia hutuambia kwamba miezi ya kwanza nyumbani waliamka saa kumi usiku, wakavaa viatu, ndipo wakakumbuka kwamba hakuna treni inayowangoja. Kijijini nako kuna saa, ila haikutundikwa ukutani. Kuna siku ya kulima, siku ya kupanda, siku ya kupalilia, nazo hazimwombi mtu ruhusa. Mwenye kuchelewa kupanda wiki mbili baada ya mvua za Machi kuanza hakatwi kitu siku ile. Hukatwa mwezi wa Agosti wakati wa kuvuna, na hapana ofisi ya kupeleka malalamiko.

Jambo la pili ni watu. Mjini mtu aweza kukaa mwaka mzima asijue jina la jirani wa mlango wa pili, na hakuna ugomvi. Kijijini ukipita nyumba ya mtu bila kusalimu, umemtukana. Tena salamu yenyewe si neno moja la kutupa huku unatembea. Utasimama, utaulizwa habari za watoto, za ng'ombe, na za mvua, nawe utauliza vile vile. Mtu wa mjini huona anapotezewa wakati. Kumbe hapo ndipo habari zote hupatikana: nani anauza mbegu nzuri, ng'ombe wa nani ameugua, na mkutano wa maji ni lini. Asiyesimama kusalimu hukosa habari hizo, kisha husema kijiji kimemtenga.

Kuna na matanga. Kila kijiji kina daftari lisiloonekana. Mmoja alikuja akachimba kaburi, mwingine alileta kuni, mwingine alituma shilingi mia mbili kwa simu kutoka mjini, mwingine alinyamaza miaka ishirini. Daftari hilo halisomwi hadharani, lakini siku unapofiwa wewe, au unapotaka vijana wa kukusaidia kuezeka nyumba, utajua jina lako liko ukurasa gani. Wenzetu walio mbali na kwao waliona mchango wa matanga kuwa mzigo. Sisi twasema ni ada ya uanachama kama hii ya chama, na asiyelipa ada hana sauti mkutanoni.

Jambo la tatu ni macho. Mtu akishuka na magodoro yake na televisheni, kijiji kizima hujua kwamba amelipwa. Watakuja wa kukopa, wa karo, wa harambee, na wa kukuonyesha biashara. Wengi si wabaya, wana shida za kweli. Lakini fedha ya kumaliza kazi ina sura ya utajiri siku moja tu. Igawanyeni kwa miezi ya maisha yaliyobaki, mtaona ni mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza mliopata mlipoandikwa kazi. Wengine huimaliza katika nyumba kubwa ya mawe iliyofika kwenye linta ikasimama, mvua ikinyesha ndani. Wengine hununua gari la abiria wasiloweza kulisimamia. Ukuta wa mawe hauliwi, na gari bovu halizai.

MSIMAMIZI WA SHAMBA

Neno tunalotaka kusema kwa nguvu ni hili. Kwa wengi wetu, shamba la nyumbani limekuwa mikononi mwa mama au mke miaka yote tuliyokuwa mjini. Yeye ndiye aliyeamua mahali pa mahindi na mahali pa maharagwe. Yeye ndiye ajuaye konde lipi hutuamisha maji, na jirani yupi husogeza mpaka usiku. Kisha mume anarudi, na siku ya pili asubuhi anaanza kutoa amri kama mnyapara mpya.

Twamjua mwenzetu mmoja, fundi hodari wa mabehewa, ambaye kwao ni magharibi ya nchi. Alipofika nyumbani alikuta robo eka ya mihogo nyuma ya nyumba. Akasema ni pori. Akaifyeka yote ili apande majani ya ng'ombe, maana alitaka kununua ng'ombe wa kizungu. Mke wake alimsihi, hakusikia. Mihogo ile ilikuwa akiba ya miezi ya Aprili, Mei na Juni, wakati mahindi ya zamani yamekwisha na mapya hayajakomaa. Mwaka ule walinunua unga dukani kila siku. Ng'ombe naye alikuja kabla majani hayajaota. Ng'ombe mkubwa wa maziwa aweza kunywa lita 60 za maji kwa siku, na maji yao ni ya kisima, ya kubebwa kichwani. Hata mwezi wa nne haukuisha, kupe walimletea ndigana, akafa. Fedha ya miaka mingi ya kazi ikazikwa shimoni.

Sisi watu wa reli twaijua sheria ya njia moja. Dereva, hata awe na ujuzi gani, haingizi treni katika kipande cha njia mpaka apate kibali. Haulizi, "Mimi na stesheni masta nani mkubwa?" Ajua kwamba kule mbele kuna treni ambayo hakuiona, na mwenye habari zake ni yule aliye kituoni. Basi shamba lile ni kipande cha njia, na mwenye habari zake ni mke wako. Kuomba kibali kwake hakumpunguzii mwanamume heshima, bali kwaokoa mizigo.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayerudi nyumbani baada ya miaka ishirini ni mgeni, ingawa kitovu chake kilizikwa pale. Na apewe jembe, lakini kwa mwaka wa kwanza aulize jembe liingie wapi.

Kuna na watoto. Waliozaliwa katika nyumba za kazi mjini wengi hawaijui lugha ya nyanya yao. Wakifika kijijini huchekwa shuleni, nao huwacheka wenzao. Nyanya akiwaita wachote maji hawamwelewi, akadhani ni kiburi. Hili haliponywi kwa fimbo. Huponywa kwa kuwapeleka likizo kila mwaka tangu wadogo, walale kwa nyanya, wachunge, wachafuke. Mtoto aliyepazoea nyumbani tangu mdogo hatapaona pageni siku ya kuhama.

ARDHI YENYEWE

Ndugu, tunaomba kila mmoja ajiulize swali hili: shamba unalolitumainia limeandikwa kwa jina la nani? Wengi watasema la baba, wengine la babu aliyekufa zamani. Wamejenga, wamepanda miti, lakini kwa karatasi hawana hata futi moja. Siku ya kurudi ndipo ndugu waliokuwa wakicheka pamoja wakati wa Krismasi huanza kutazamana.

Sheria ya urithi tunayoifuata ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Yataka jamaa waende mahakamani na barua ya chifu yenye majina ya warithi. Mahakama ikitoa hati ya kusimamia mali, kwa kawaida hupita miezi sita kabla haijathibitishwa ndipo shamba ligawanywe. Tena mabinti nao ni warithi, na Katiba ya mwaka 2010 yakataza ubaguzi wa mwanamke katika mambo ya ardhi. Anayefikiri atawapita dada zake kimya kimya anajitafutia kesi. Na ukinunua shamba la kulima, mapatano yahitaji kibali cha bodi ya ardhi, nacho huombwa ndani ya miezi sita. Bila kibali hicho ununuzi wako ni bure. Kazi hii ya karatasi yataka mtu mwenye mshahara na nauli. Ifanyeni sasa mkiwa kazini, wakati wazee wanaojua mipaka wangali hai.

SHAMBA LAHITAJI KUSOMEWA

Mwingine atasema, "Mimi ni mtoto wa kijiji, nani anifundishe kulima?" Kweli ulilima ukiwa mtoto, lakini udongo ule si ule tena, na maadui wameongezeka. Viwavi vamizi wa mahindi walionekana nchini mwaka 2017. Hujificha katikati ya majani machanga, na asiyekagua mahindi yake mapema huwaona wakati wamekwisha kula moyo wa mmea. Mbolea ya DAP ikitiwa miaka na miaka bila kupima udongo hulitia shamba uchachu, hata mahindi yakawa ya manjano ingawa umetumia fedha nyingi. Pengine dawa yake ni chokaa, lakini hujui mpaka udongo upimwe. Mbegu ya mahindi chotara nayo haifai kuwekwa kutoka mavuno yako, yapasa kununuliwa kila msimu.

Hata kuweka akiba kuna elimu yake. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini, wengi wao Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yaliyoingia sumu ya kuvu kwa sababu ya unyevu. Mahindi ya ghalani yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Asiye na chombo cha kupimia ana njia rahisi. Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu kidogo na mahindi robo chupa, funga, tikisa, kisha uiache dakika kumi na tano. Chumvi ikigandamana na kioo, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Yusufu aliiokoa Misri kwa ghala, nasi twafahamu kwamba ghala lenye unyevu lingewaua wale wale aliotaka kuwaokoa.

Hatusemi haya kuwatisha. Mfanyi kazi wa reli harudi nyumbani mikono mitupu. Kijiji kina haja ya mtu ajuaye kuchomelea chuma, kutengeneza mashine ya kusaga na pampu ya maji, kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Kina haja pia ya mtu aliyezoea chama, ajuaye kuandika kumbukumbu za mkutano, kutoa risiti na kudai hesabu. Yule fundi tuliyemtaja, baada ya ng'ombe kufa, alianza kutengeneza toroli na majembe ya watu chini ya mwembe. Leo ndiye katibu wa mradi wa maji wa kijiji chao, na daftari lake halina ukurasa uliochanwa. Mihogo ilipandwa tena. Mke wake ndiye aliyechagua mahali.

WANAOTAKA KUBAKI MJINI

Wako wenzetu wasemao kwamba dawa ni kutorudi kabisa. Hatuwalaumu. Mwingine hana shamba, mwingine alizaliwa mjini na mjini ndiko kwao, mwingine ana biashara. Wala si haki kumwambia mtu kwamba hana kwao kwa sababu hana jembe. Lakini nyumba ya kazi hurudishwa kazi ikiisha, na kodi ya chumba haistaafu pamoja na mwenye kukilipa. Tumewaona wazee waliobaki mjini kwa haya tu, kwa kuogopa kurudi na mfuko mdogo, wakaishi kwa kuwategemea waliokuwa vijana wao wa kazi. Mtu na abaki mjini kwa kupenda na kwa hesabu, si kwa aibu. Aliyerudi na kidogo hana kosa la kujificha. Mshahara ulikuwa kidogo, na hilo twalijua sote.

TUNAYOYATAKA

Basi tunaleta mambo matano mbele ya matawi yote yazungumzwe.

Kwanza, mfanyi kazi ajue haki zake mwaka mzima kabla ya kumaliza: atapata kiasi gani, kutoka hazina gani, na karatasi zipi zinakosekana. Mwenzetu mmoja alizungushwa miezi 14 kwa sababu herufi moja ya jina lake ilikosewa katika faili. Miezi hiyo yote alikuwa kijijini akikopa kwa ahadi. Kosa la herufi hurekebishwa kwa siku moja mtu akiwa bado kazini, lakini akiwa mbali kila siku ni nauli. Katibu wa tawi aombe majina ya wote waliobakiza mwaka mmoja, afuatane nao ofisini.

Pili, likizo ya kupanda. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yatupa siku za likizo zisizopungua 21 kwa mwaka. Wengi huzitaka Desemba, nayo Desemba ni ya sikukuu, watu hula walichovuna. Tunataka mapatano na waajiri kwamba kila mfanyi kazi apate, walau mwaka mmoja katika kila mitatu, likizo yake wakati wa kupanda kwao, kwa zamu ya haki isiyofuata ukubwa wa cheo. Treni hazitasimama, maana hatutaondoka sote pamoja. Majira ya Taita si majira ya Siaya, na mvua za Ukambani za kutumainiwa zaidi ni zile za Oktoba hata Desemba. Hilo lenyewe litagawanya likizo.

Tatu, mafundisho kabla ya kuondoka, na mke au mume aje pia. Maafisa wa kilimo wa kaunti waalikwe, na wastaafu wenyewe waje kusema yaliyowapata. Mzee mmoja aliyepoteza ng'ombe atafundisha zaidi ya kitabu.

Nne, tiba. Mshahara ukikoma, makato ya bima ya afya nayo hukoma. Mpango wa SHA ulioshika mahali pa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 humkata mwenye mshahara asilimia 2.75. Asiye na mshahara hupimwa uwezo, wala halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiyejipanga mwenyewe atafika hospitali na kadi isiyofanya kazi. Tawi limwonyeshe kila anayeondoka namna ya kubadilisha hali yake kabla hajapanda gari.

Tano, kwa wanaopunguzwa kazi. Sheria hiyo hiyo ya 2007 yamtaka mwajiri atoe notisi ya mwezi mmoja kwa chama na kwa afisa wa kazi, na kulipa mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Chama kidai zaidi ya hicho kiwango cha chini, kwa kuwa anayepelekwa nyumbani bila kutaka hakupata wakati wa kutengeneza ghala wala kumaliza kesi ya ardhi. Pia kidai gharama ya kusafirisha mizigo yake mpaka mlangoni, si mpaka stesheni tu.

Upande wetu sisi wenyewe, tusingoje mkutano. Aliye na baba mzee na amuulize habari za mipaka likizo hii. Aliye na mke shambani na amuulize mwaka huu amevuna magunia mangapi, na sababu ya kupungua au kuzidi, kisha anyamaze asikilize. Afiwaye kijijini kwenu apelekewe kidogo, hata kama hamjaonana miaka mingi.

Mkutano wa tawi ukiitwa, mtu mmoja na asimame ataje likizo ya kupanda iandikwe katika kumbukumbu. Miezi ya mvua inajulikana, na orodha ya zamu hupangwa mapema.

Sisi wenzenu wa reli.